Tupeane uzoefu: barua ya kazi iliyokutoa jasho

Mkunazini: Namsaidia mdogo wangu barua ya kuomba kazi ya mapokezi, hoteli moja Nungwi. Mwisho kaandika "Wako katika ujenzi wa Taifa". Nimecheka, kisha nikakumbuka siku yangu ya tatu kazini nilivyomtumia bosi meseji: "mambo bosi, leo cji". Leteni zenu.

Binti Wete: Yakhe, umenitonesha. Mie barua nilipigiwa chapa steshenari. Kijana ana mfano wake kwenye kompyuta, anabadilisha jina tu na anwani. Nikatazama jina langu, nakala ya Zan ID, kitambulisho cha Mzanzibari, ipo, nikatia kwenye bahasha ya kaki. Nikalala Mkoani, Pemba, kwa shangazi niwahi meli ya asubuhi. Kwenye usaili Unguja, bibi mmoja wa miwani akaisoma kwa sauti, taratibu: "Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili." Akashusha miwani. Akanitazama toka mtandio mpaka viatu. "Mkeo hajambo?" Wallahi ardhi ingepasuka ningeingia. Nikajibu: "Hajambo, anakusalimu." Sijui ulimi ule ulitoka wapi.

Fundi Jang'ombe: Yangu ilibaki na jina la hoteli nyingine. Sikuitwa.

Maalim K: Hahaha, anakusalimu! Kazi ulipata?

Binti Wete: Nilipata. Yule bibi ndo bosi wangu wa mwanzo, kila nikimpelekea dokezo ananiulizia mke.

Maalim K: Turudi kwenye hoja. Anwani yako juu kulia, chini yake tarehe, ya unayemwandikia kushoto, kisha Ndugu, kisha YAH, yaani barua yahusu nini. Hakuna Assalaam alaykum. Na kama ushaajiriwa, andika "Kupitia kwa" mkuu wako, usimruke.

Ummu S: Salamu imekuwa kosa lini, tena Zanzibar hii? Mie natia na najibiwa.

Maalim K: Ya mdomo sawa, mwanangu. Barua ya jalada, yaani ya kutunzwa kwenye faili la ofisi, inaanza na Kumb. Na., namba ya kumbukumbu.

Ummu S: Mwanao nani? Nina wajukuu mie.

Chumbuni: Msiombe kazi kwa barua pepe ya mtamuwazenj. Namjua aliyefanya hivyo. Ni mimi.

Fundi Jang'ombe: Barua pepe za nini? Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakisema haijafika unawaonesha.

Chumbuni: Muhuri hauleti kazi, kaka. Tuma kwa barua pepe, ila ambatisha kwanza, anwani ya mtu iandike mwisho. Nishatuma "tafadhali pokea kiambatisho" mara tatu, kiambatisho hakuna.

Binti Wete: Mpe mtu mwengine aisome kabla hujaipeleka. Asiwe yule wa steshenari.

Mkunazini: Mdogo wangu kagoma kufuta ujenzi wa Taifa. Anasema baba aliandika hivyo hivyo na kazi akapata.

Ummu S: Muache. Na salamu atie.