Maji ya kahawia asubuhi, paipu zimeoza ama?

Buru_mtoto: Wadau naomba msaada. Tunakaa Buruburu kwa nyumba ya mzee, paipu ni zile za GI (chuma kilichopakwa zinki) za zamani, hazijaguswa tangu miaka ya 70. Siku hizi nikifungua mfereji wa jikoni asubuhi maji yanatoka kama strungi, dakika moja hivi, halafu yanakuwa safi. Hakuna mahali panavuja. Fundi alikuja akaangalia dakika mbili akasema ati tubomoe kuta zote, sasa sijui ni ukweli ama ni njaa yake.

fundi_wa_tenki: Usibomoe kitu bado. Kesho kabla mtu hajafungua maji, chukua ndoo nyeupe ukinge ya kwanza kwa mfereji wa karibu na mita, halafu jikoni, halafu bafu. Kama hata ya mita ni chafu, hiyo huenda ni taka ya laini kubwa, huvurugika maji yakirudi baada ya mgao. Ya mita ikiwa safi basi kutu iko kwako. (Kama jikoni kunatoka kwa tenki, chungulia tenki pia.) Ukimaliza shika tochi upitie jointi zote, manake paipu ikikatwa thredi (yale meno ya kuungia) hapo ndio inabaki nyembamba na zinki imetoka, kutu huanzia hapo. Tafuta madoa ya kahawia, ukoko mweupe, rangi ya ukuta ikifura. Na ukiona kidonda cha kutu USIKIKWANGUE, saa zingine ndicho kimeziba tundu.

mpangaji_umoja: Hapo kwa kukwangua mimi ni shahidi 😂 nilitia bisibisi kidogo tu chini ya sinki, maji yakaniruka usoni, kukimbia kufunga geti valvu nayo imeshikana na kutu haigeuki hata kwa spana, tukafunga na tyubu ya baiskeli mpaka fundi akafika saa nne usiku. Jaribu valvu kwanza.

Njeri_SouthB: Angalia pia kama kuna mtu aliunga kopa ama brasi moja kwa moja kwa hiyo GI. Zikikutana ndani ya maji, chuma ndicho huliwa. Kwetu paipu ilitoboka karibu tu na kipande kipya, ile ya zamani mbele yake iko sawa hadi leo.

Buru_mtoto: Nimefanya ya ndoo. Mita safi, bafu safi, jikoni strungi kabisa.

fundi_wa_tenki: Basi ni laini ya jikoni peke yake. Badilisha hiyo uweke PPR (paipu ya plastiki), kuta zingine achana nazo. Valvu inageuka?

Buru_mtoto: Haigeuki.

fundi_wa_tenki: Anza na hiyo, leo.