Filamu yangu ya nyimbo za Kisukuma: Kirumba wamecheza, mjini wameshika simu. Nikate?

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wajuzi wa filamu na wenyeji wa huku Kanda ya Ziwa.

Nimetengeneza filamu kwa pesa yangu ya mfukoni kuhusu mamanju, yaani watunzi na waimbaji wakuu wa nyimbo za Kisukuma hapa Mwanza: wanavyorekodi kwenye vistudio vya Igoma na Buzuruga, wanavyopiga video juu ya mawe, wanavyolipwa ili wamtaje mtu kwenye wimbo, na nyimbo zinavyoishia kwa vijana wa kuingiza miziki kwenye memori na flashi. Kibali cha Bodi ya Filamu ninacho.

Nimeanzia banda la video Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, watazamaji wengi wachuuzi wa dagaa. Balaa! Katikati kuna wimbo mmoja nimeuacha dakika 11 bila kuukata wala kuutafsiri. Watu waliitikia, akina mama wakainuka, mzee mmoja akaenda mbele akabandika noti ya elfu 2 kwenye shuka la kuonyeshea, palepale kwenye paji la uso wa manju. Ikadondoka. Akaiokota, akanikabidhi: "Mfikishie."

Kilichoniuma ni kingine. Mke wa manju anapolalamika kwamba nyimbo za mumewe ziko kwenye simu ya kila bodaboda na nyumbani hawana hata sukari, banda zima likaangua kicheko. Na huyo mama mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa pili.

Halafu nikaionyesha ukumbi mmoja mjini, watu wa viyoyozi. Kimya. Kwenye ule wimbo simu zikaanza kuwaka moja moja. Mwisho makofi ya heshima, dada mmoja akasema wimbo "umevuta sana", mwingine akasema kipande cha mke kimemliza. Mwenye ukumbi yuko tayari tuionyeshe kwa kiingilio, sharti wimbo ubaki dakika 2.

Nikate? Na kipande cha mama nikiache? Matusi hapana.

Sangara Mkavu: Nimewahi siti. Waje wajuzi.

Mama Dagaa: Mdogo wangu, hiyo elfu 2 imefika?

Mtoa mada: Imefika dada. Manju kaitazama, akauliza wengine walikuwa wapi.

Mzawa wa Kisesa: Mkuu, kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani, Bagika na Bagalu, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana utaona nyoka, vinyago, vituko vya kila aina: manju anahangaika mtu asihamie upande wa pili. Sasa wewe unapima filamu kwa maneno ya watu baada ya taa kuwashwa! Wa Kirumba walihama wakaja mbele. Wa mjini walihamia kwenye simu, sawa, lakini dakika ya ngapi? Kama ni ya 8, wamechoka, kata. Kama ni ya 2, hawaelewi maneno, na ukikata utakuwa umetibu mguu wa mtu anayeumwa jino.

Mtoa mada: Ya 2 au ya 3 hivi. Pale anapoanza kumchamba mpinzani wake.

Mzawa wa Kisesa: Umeona? Weka maandishi ya Kiswahili chini. Mtu wa kiyoyozi akijua kwamba hapo jamaa anaambiwa ng'ombe aliotolea mahari ni wa kuazima, simu ataiweka mwenyewe.

Kijana wa Nyakato: Mnamjaza upepo. Kiingilio ndiyo pesa, na hiyo filamu imekula akiba yake. Tengeneza mbili, fupi ya ukumbini na ndefu ya mabandani. Ila waulize Bodi kama kibali chako kinaibeba na hiyo ya kukatwa.

Wakili wa Mtaani: Manju kasaini nini? Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na wimbo ni mali yake. Mkianza kuuza tiketi, hizo dakika 11 ni jasho la mtu. Andikishaneni mapema, mpite na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Itakuwa aibu filamu inayolilia nyimbo za bure ikazitumia bure.

Mama Dagaa: Kuhusu kicheko, mimi nauza pale Mwaloni, watu wetu nawajua. Waliocheka ndio wenye hizo nyimbo kwenye simu. Ulitaka walie, na ushahidi uko mfukoni? Hicho ni kicheko cha kushikwa, hakina dharau. Wa mjini walilia kwa kuwa hayawahusu. Lakini usituulize sisi, muulize huyo mama. Sura ni yake.

Mtoa mada: Nimerudi wakuu. Nimemuuliza. Kasema kipande kibaki, tena nirudishe sentensi niliyoitoa, ile aliyotaja kwa jina kijiwe kinachouza nyimbo za mumewe. Mwenye kijiwe namjua, na pale Kirumba alikuja kutazama. Wakili, hapo unasemaje?

Wakili wa Mtaani: Hapo njoo inbox.