Mjadala: Video za Lamu zifungwe zisinakiliwe, au ziachwe zitembee?

Mleta mada (mpiga video, Mkomani)
Assalam aleikum jamani. Mwapiga video za mbio za punda wakati wa Maulidi, jua la utosi, mwakesha mkihariri. Kulipopambazuka, ukurasa fulani wa mbali umekata ile dakika tamu, umefuta jina lako na kubandika lao. Watazamaji wao, pesa za matangazo zao. Rai yangu: tuzifunge. Asiyelipa atazame tu, asipakue. Mwasemaje?

Mtu wa droni, Shela
Kufunga kupo. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikafungwa kwa ufunguo, na programu ya kuchezea hupewa ufunguo huo baada ya kujulikana wewe ni nani. Kampuni za filamu ndivyo zifanyavyo. Taabu ni kwamba mwishowe picha lazima itokee kwenye kioo, na simu ya pili ikiwekwa mbele ya kioo kile, kazi imekwisha. Utalipia mitambo mwezi hata mwezi, na mwizi bado anayo.

Tena fikiria atakayeumia. Shangazi yangu yuko Kizingitini. Hana bando la kutazama video mtandaoni. Hungoja kijana aipakue penye mtandao mzuri amrushie. Huyo ndiye utakayemfungia.

Mleta mada
Shangazi sina ugomvi naye. Nina ugomvi na anayekula kwa jasho langu.

Karani wa mawakili, Malindi
Basi tumia sheria, maana iko upande wako. Hakimiliki Kenya huanza pale kazi inaporekodiwa. Kutoisajili hakukunyimi haki. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni ushahidi wa kukusaidia mkibishana. Marekebisho ya mwaka 2019 yakaongeza utaratibu wa notisi: mtoa huduma wa intaneti akipokea notisi iliyotimia ana saa 48 za kazi kuzuia video hiyo isifikiwe, isipokuwa aliyeipakia alete notisi ya kupinga.

Ikiwa wizi uko YouTube, jaza fomu yao ya malalamiko. Ule mfumo wao wa kutambua nakala wenyewe, Content ID, upo tangu 2007, ila hupewa wenye hakimiliki za kazi nyingi. Wewe na mimi ni wa fomu. Akaunti ikipata maonyo matatu ndani ya siku 90 hufungwa. Kwa hiyo usifute faili za asili kutoka kwenye kamera, ndizo zitakazokusemea. Na usimshitaki kila mtu: mwandishi wa habari akitumia kipande kifupi kuripoti tukio, akakutaja, sheria inamruhusu.

Mshona kofia, Langoni
Naomba kuuliza. Mpanda punda alilipwa nini? Na wacheza kirumbizi, ule mchezo wa fimbo? Mwawasimamia na kamera, mwapakia, mwaita "kazi yangu". Wa mbali akiichukua, ndipo neno wizi linapatikana. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Hizo hukuzitaja, bwana karani.

Karani wa mawakili
Kweli sikuzitaja. Lakini sheria ya hakimiliki inamtazama aliyetengeneza video. Mchezo ni wa mji, picha ni yake.

Mshona kofia
Hiyo ni sheria. Mimi nimeuliza haki.

Mama wa mtaa huohuo
Nyinyi mwagombania matangazo. Njooni kwetu kina mama. Usiku wa kupamba, bibi harusi ametolewa, wanawake wamevua mabuibui, simu zimekusanywa mlangoni, na bado hutokea kipande kikazunguka kwenye magrupu. Mara nyingine ni mgeni aliyeficha simu. Mara nyingine ni fundi wa video mwenyewe, amekirusha kujitangaza, ati kazi yake. Mtoto wa watu ameonekana kichwa wazi na wanaume asiowajua. Notisi ya saa 48 itarudisha nini hapo? Kwa saa mbili imeshafika Mombasa na Dubai.

Hapa ndipo nakubaliana na kufunga, na kufuli lenyewe liwe kutopakia kabisa. Fundi awe mwanamke, atoe flashi moja, aikabidhi kwa mama wa bibi harusi, kisha afute kwenye kompyuta yake mbele ya mtu. Na iandikwe kwenye mapatano kabla ya kulipwa arubuni.

Mtu wa droni, Shela
Mama amemaliza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo iko, ila nani atakwenda kushitaki jambo kama hilo na kulitangaza upya?

Mleta mada
Harusi nimeielewa, hilo halina ubishi. Kwa mbio za punda nimepunguza madai: fupi nitaiachia itembee, jina langu likipita katikati ya picha maana la pembeni hukatwa, na ndefu nitawauzia wanaotaka. Lakini sikubali kwamba deni la mpanda punda ni langu. Hoteli zinazotumia video hizo kuvuta wageni mbona haziulizwi?

Mshona kofia
Ziulizwe, tena wewe ndiye unayezijua, kwani wanunuzi wako ni hao. Ukiuza, ongeza fungu la wapanda punda kwenye bei, hoteli ilipe. Hili tulizungumze na wao wenyewe kabla ya Maulidi yajayo, si humu.