Mjadala: binti akizushiwa shuleni, kwa nini yeye ndo ahamishwe?

Wadau wa Mwanza habari zenu. Kuna muvi ya Marekani ya 2010 inaitwa Easy A, ya vichekesho, Emma Stone kaigiza binti wa sekondari jina lake Olive, anamdanganya rafiki yake chooni kwamba kalala na kijana wa chuo, kumbe wikiendi nzima alikuwa nyumbani peke yake anaimba tu, mlokole mmoja wa pale shuleni akayasikia na haikuchukua muda shule nzima ikajua. Wavulana nao wakaanza kumfuata, wanampa kadi za kununulia vitu ili akubali waseme wametembea nae. Mambo yalipomgeuka akawaomba waseme ukweli, wakakataa, sifa walishapata.

Hapo ndo napotaka tujadili.

Huku kwetu nimeona binti wa kidato cha tatu katengenezewa skrinshoti ya chati feki, ikarushwa grupu la darasa, mara ikatua grupu la wazazi. Akaitwa ofisini yeye na mama yake anaeuza dagaa Mwaloni pale Kirumba, mama kaacha mzigo kwa jirani kaja na kanga yake ya kazini bado ina magamba, akauliza kitu kimoja tu, "nani kaandika?" Hakujibiwa, akaambiwa atafute uhamisho ili kulinda jina la shule.

Najua kuna watakaosema lisemwalo lipo, wengine watasema hata Olive alijitakia. Sawa, Olive alidanganya, lakini huyu wetu kadanganya nini? Na hata ingekuwa kweli, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti waliokatisha masomo kwa mimba warudi shule, sasa huyu hata mimba hana mnamtoa kwa maneno ya simu? Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015, kusambaza uongo huku unajua ni uongo ni kosa, sisemi watoto wapelekwe polisi hapana, nasema shule ianze na aliyetengeneza, imwite na mzazi wake, na kanusho lirushwe kwenye magrupu yale yale uongo ulikopita, manake kimyakimya haisaidii, mtaani bado wanamnyooshea kidole.

Nyie mnaosema ahame ili "apumzike", huyo aliyeandika mnamwacha darasani na nani? Karibuni, wazazi na walimu hasa.