Nimeshinda kesi, lakini aliyeshindwa ananiambia "tumetoka sare"

Wakuu,

Naandika nikiwa bado nimevaa suti ya mahakamani. Jirani yule mnayemfahamu, aliyenifungulia kesi miaka sita iliyopita akidai mita nne za kiwanja changu, leo asubuhi amesomewa hukumu na madai yake yote yametupwa. Nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu, ndipo ukasomwa mstari wa mwisho: "Kila upande utabeba gharama zake." Tulipofika kwenye ngazi alinipa mkono mbele ya mashahidi wangu, akatabasamu, akasema: "Jirani, tumetoka sare."

Sare! Nimemlipa wakili, nimemleta mpima ardhi mara mbili, nimebeba nauli na chakula cha mashahidi watatu kutoka Kilosa, na nakala za nyaraka nilizotoa zikitandazwa barabarani zitafika Chalinze. Ng'ombe wa mama wameishia humo. Mimi sikumpeleka mtu mahakamani, nilipelekwa. Na aliyenipeleka, baada ya kushindwa, ananishika mkono na kusema tumetoka sare.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika kifungu cha 30 cha toleo la 2019, inaipa mahakama hiari ya kuamua nani alipe gharama na kwa kiasi gani, na hiari hiyo siipingi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba mahakama ikiamua gharama zisifuate matokeo ya shauri, yaani aliyeshindwa asimlipe aliyeshinda, itoe sababu kwa maandishi. Ingeandikwa kwamba nilichelewesha shauri kwa makusudi, au nilificha nyaraka, au nilikataa suluhu ya haki, ningeinamisha kichwa. Hakuna. Ni mstari mmoja, jalada likafungwa, nami nikateremka ngazi kwenda kuupokea mkono ule.

Kalamu Nyekundu: Pole mkuu, lakini umebaki na kiwanja chako chote na bado unalilia nauli, wakati wenzako wanapoteza vyote viwili. Isome hukumu vizuri. Pengine imeandikwa kwamba ninyi ni majirani, na wewe ulisikia ya kwenye ngazi tu.

Mleta uzi: Nimeisoma mara nne. Wakili wangu aliomba gharama tangu kwenye maelezo ya utetezi, na hakuna palipoelezwa kwa nini zimekataliwa. Kama ujirani ndiyo sababu, uandikwe, nijue ninachokatia rufaa. Huyo bwana hakuukumbuka ujirani siku alipofungua kesi. Ameukumbukia kwenye ngazi.

Mama Vitunguu: Afadhali wewe umenyimwa mapema. Mimi nilipewa gharama, nikapeleka madai ya milioni 18 kwa msajili wa mahakama, anayekadiria gharama za kulipwa, ndani ya siku 60 kama amri ya malipo ya mawakili ya 2015 inavyotaka, naye akayakata mpaka milioni 5. Kwa kuwa kilichokatwa kilizidi sehemu moja ya sita, nikakosa hata gharama za shauri hilo la ukadiriaji. Ada ya wakili ilipimwa kwa viwango vya jedwali, wala si kwa fedha iliyotoka mkobani mwangu.

Mlinzi wa Lango: Mama, ulipeleka maombi kwa Jaji ndani ya siku 21 kuupinga ukadiriaji huo?

Mama Vitunguu: Nilipeleka siku ya 23, kwa sababu wakili alikuwa msibani. Yakatupwa.

Fundi Bomba: Ninyi mna cha kukatwa. Mwajiri wangu amenizungusha miaka mitatu, nimeshinda, na nimeambiwa kwamba katika kesi za kazi hakuna amri ya gharama isipokuwa shauri liwe la kipuuzi au la kusumbua tu. Nani hapa amewahi kuishawishi mahakama kwamba mwajiri alikuwa anasumbua?

Mlinzi wa Lango: Fundi, orodhesha tarehe zote alizoomba kesi iahirishwe, na sababu aliyoitoa kila mara. Ziko ngapi?

Fundi Bomba: Kumi na moja. Mara tatu alisema jalada lake limepotea.