Kipa wa England aliyetokea kwenye raga: kweli au chumvi?

KipaWaKizota: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mimi nadaka mchangani huku Kizota, ukijirusha unaamka na mbigiri kiwikoni. Jana kijiweni mzee wa kahawa kasema kuna Mwingereza aliichezea timu ya taifa ya raga, halafu akaja kuidakia ya soka. Nikamwambia mzee, hiyo chumvi. Tumewekeana kashata kumi. Mwenye ukweli anisaidie kabla sijarudi jioni.

Mwl_Michezo: Andaa kashata, mdogo wangu. Huyo ni Reginald Birkett wa Clapham Rovers, klabu ya London iliyocheza raga na soka zote mbili. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya raga ilipigwa Edinburgh tarehe 27 Machi 1871, Scotland na England, watu 20 kila upande. Trai ya kwanza kabisa ya England, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, kaiweka yeye. Ila enzi hizo trai haikuhesabiwa kitu. Ilikupa nafasi tu ya kupiga mpira upite juu ya mwamba, na kilichohesabiwa ni hilo teke. England wakapiga, wakakosa. Scotland walipata trai mbili, teke moja likaingia, mchezo ukaishia hapo.

Golini alisimama Aprili 1879, Kennington Oval, dhidi ya Scotland haohao. England 5, Scotland 4.

KipaWaKizota: Katunguliwa manne na bado anatajwa? Mimi Jumapili nimekula mawili tu, wamenificha glovu!

BintiMakole: Kaka, usimcheke. Mwaka uliofuata, 1880, alidaka fainali ya Kombe la FA, Clapham Rovers wakaifunga Oxford University 1-0. Na kipa wa wakati ule alikuwa anapigwa vikumbo na washambuliaji, refa anatazama. Hata nyavu golini hazikuwepo. Sasa mtu aliyezoea kulaliwa na kundi zima kwenye raga, kikumbo kimoja kitamfanya nini? Kwao ilikuwa damu: mwanawe John alikuja kuwa nahodha wa England ya raga.

KipaWaKizota: Nimelipa. Kashata zenyewe nimezinunua kwa yule mzee wa kahawa, nikamkabidhi mwenyewe, hela kaweka mfukoni na kashata karudisha kwenye sinia. Nikamuuliza Birkett kamjulia wapi. Kasema, "Maliza kikombe, wenzako wanakisubiri."