Wabeba boksi wa Marekani, kodi ya mapato ikifutwa mnashangilia nini?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi, nimeufungua kwa hasira.

Grupu letu la WhatsApp la Wabongo wa huku limegeuka kijiwe cha wanasheria wa Katiba. Kila nikitoka shifti ya usiku nakuta voisi: "Marekebisho ya 16 yanaondolewa, tutakula mshahara mzima!" Juzi nikauliza tu, yanaondolewaje? Nikaitwa mtumwa wa serikali. Na anayeniita hivyo nilimpokea mwenyewe airport na begi lake moja!

Haya. Marekebisho hayo ya Katiba, ndiyo yanayoiruhusu serikali kuu kututoza kodi ya mapato, yaliridhiwa 1913, baada ya Mahakama ya Juu kuiua kodi ya mapato mwaka 1895. Kuyang'oa kunataka theluthi mbili kwenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, kisha majimbo 38 kati ya 50 yaridhie. Majimbo 13 yakigoma, kwisha habari. Tangu nchi hii iwe na Katiba, marekebisho yaliyowahi kufutwa ni yale ya kupiga marufuku pombe tu, 1933, na pale watu walikuwa na kiu.

Ila tuseme yamepita. Kodi ya mapato ya watu binafsi ni karibu nusu ya makusanyo yote ya serikali kuu. Pengo hilo litazibwa na nani? Mswada wa FairTax, unaozungushwa bungeni tangu 1999, unataka kodi ya mauzo ya "asilimia 23". Shika kikokotoo. Kitu cha dola 100 utakilipia 130. Wameichukua ile 30 wakaigawa kwa 130, ndiyo ikazaa 23. Muulize muuzaji yeyote wa Kariakoo, atakwambia hiyo ni thelathini, na nyumbani tulikuwa tunailalamikia VAT ya 18! Inagusa pango, daktari, fundi gari. Kinachopona ni kitu kilichokwisha kutumika. Yaani tumepanda ndege kuikimbia mitumba, tukaifuate huku.

Nawapa moja: mswada huo unafuta pia makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), ile asilimia 7.65 ya mshahara inayotutafuna kweli, na unaahidi kila familia hela ya kufidia kila mwezi. Sawa. Lakini wewe mwenye watoto wawili na dola 17 kwa saa, unalea peke yako, kodi ya mapato huilipi. Kwa nafuu za kodi za wenye watoto, unarudishiwa zaidi ya ulichokatwa! Picha za TV mpya kila Machi tunaziona. Kodi ikifutwa, na rifandi, hela hiyo ya kurudishiwa, inakwenda nayo. Hilo kwenye voisi hulisikii.

Kilichonipandisha presha ni huyo mjuaji kuwaambia watu wasifaili, yaani wasipeleke hesabu zao za kodi, mwaka huu, eti "inafutwa hata hivyo". Wawili wamemsikiliza, na mmoja anasubiri uraia, fomu yenyewe inauliza habari za kodi. Faini atawalipia yeye? Najua yumo humu jamvini. Ajitokeze ajibu.